Shajara ya mradi: mafunzo endelevu kwa mawakili na waendesha mashtaka wa kesi za jinai

Ingizo la 1. Mgawanyo wa muda
Hali: limefungwa.

Mradi unatengeneza mafunzo endelevu kwa watu wanaosimama mahakamani kwenye kesi za jinai: mawakili wa utetezi, waendesha mashtaka, na wale ambao kazi imewapitisha pande zote mbili. Kila sehemu ya mafunzo inasimama juu ya faili moja la kesi ya kubuni, na kila zoezi linatoka ndani ya faili hilo.

Katika siku yenye saa 6 za kazi, mihadhara imepewa saa 1 na nusu. Saa 4 na nusu zilizobaki ni za kusimama, kuhoji, kupinga na kusahihishwa. Mtu mwenye miaka kumi kortini anaijua sheria ya ushahidi. Anajua kwamba swali la dodoso (maswali ambayo shahidi huulizwa na upande wa pili) hubeba jambo moja, lakini akisimama anauliza lenye mambo matatu. Hapo mhadhara haumsaidii, maana hakukosa elimu. Amezoea vibaya, na mazoea hubadilishwa kwa kurudia mbele ya mtu anayeweza kumwonyesha palipoteleza.

Hesabu ya kundi imetoka kwenye saa. Mshiriki mmoja anahitaji dakika 6 za kuhoji, dakika 4 za kusahihishwa na dakika 2 za kurudia: jumla 12. Washiriki 6 wanakula dakika 72, na kipindi cha dakika 90 kinabakiza 18 za onyesho la wakufunzi. Ukiweka washiriki 8 unafika dakika 96, na kinachokatwa siku zote ni yale marudio ya mwisho, ambayo ndiyo yenye faida kuliko yote. Kwa hiyo kundi ni watu 6 na wakufunzi 2, hata kama maombi ni mengi. Ukumbi mkubwa wa watu 100 unajaza rejesta ya mahudhurio tu.

Ingizo la 2. Faili la kwanza: unyang'anyi usiku
Hali: limefungwa, isipokuwa ramani ya mchoro inayochorwa upya.

Faili lina kikomo cha kurasa 35, kiasi ambacho mtu mwenye kesi zake halisi anaweza kukisoma jioni moja. Ndani yake mna hati ya mashtaka yenye shtaka moja, maelezo ya mashahidi 6 (mlalamikaji, jirani, mpelelezi, mtunza vielelezo, mtaalamu wa maabara na mchunguzi wa simu), maelezo ya onyo ya mshtakiwa (aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake), fomu ya gwaride la utambuzi (mtuhumiwa hupangwa na wengine ili shahidi amtambue), ramani ya eneo, rejesta ya vielelezo, ripoti ya vinasaba (DNA) na ripoti ya data iliyotolewa kwenye simu.

Sharti la kwanza la faili: kila upande uweze kushinda. Kipimo chake ni rahisi. Wasomaji wawili wazoefu wanapewa faili, mmoja kila upande, na kila mmoja anaandika hoja zake 5 bora. Kama mmoja anafika 5 bila jasho na mwenzake anakwama kwenye ya pili, faili linarudishwa kwa waandishi. Faili linaloegemea upande mmoja humfundisha mshiriki kungoja faili limfanyie kazi.

Sharti la pili ni migongano iliyopandwa kwa makusudi. Kuna ule wa shahidi kujipinga: katika maelezo ya kwanza mvamizi ni mrefu, kwenye fomu ya gwaride ni wa kimo cha kati. Kuna ule wa shahidi na shahidi: mlalamikaji ameona watu wawili, jirani ameona watatu wakikimbia. Na kuna ukimya, ambao ndio tumeutolea nafasi kubwa: kovu la shavuni halimo katika maelezo ya kwanza, linatokea mara ya kwanza katika maelezo ya nyongeza yaliyoandikwa baada ya mshtakiwa kukamatwa. Washiriki wengi hukimbilia mgongano wa maneno kwa sababu unaonekana kwa macho. Ukimya unahitaji kusoma tarehe za nyaraka na kujiuliza nini kilipaswa kuwepo na hakipo.

Pia tumepanda chambo. Mlalamikaji anasema shati lilikuwa jeusi, jirani anasema la bluu iliyokoza, na ilikuwa usiku. Anayetumia dakika 2 kati ya 6 kwenye rangi ya shati anajifunza kwa hasara yake kwamba mahakama hutenganisha migongano inayogusa mzizi wa kesi na ile ya kawaida ya kumbukumbu za binadamu. Mashahidi wanaofanana neno kwa neno wanatia shaka zaidi kuliko wanaotofautiana kwenye rangi.

Sharti la tatu ni saa. Tukio limetokea saa 8 na dakika 10 usiku wa kuamkia tarehe 14. Ripoti ya simu imeandikwa kwa saa za UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), na nchi ya kubuni ya faili iko saa 3 mbele yake. Kwa hiyo saa 02:10 ya tarehe 14 kwa saa za pale inasomeka 23:10 ya tarehe 13 kwenye ripoti. Mpelelezi ameandika tu "saa 8 usiku tarehe 13". Hapo mna mitego mitatu: anayesoma "saa 8 usiku" kama 20:00, anayedhani ripoti inatumia saa za nyumbani, na anayedhani hati ya mashtaka imekosea tarehe. Kila mshiriki anatakiwa kutengeneza jedwali la matukio lenye safu tatu, moja kwa kila namna ya kuhesabu saa, kabla hajagusa swali lolote la dodoso. Asiyelitengeneza hujulikana ndani ya dakika mbili za kwanza.

Vifungu vya sheria havikuandikwa ndani ya faili. Kila ukurasa unaohitaji kifungu una kisanduku kitupu cha kujaza sheria ya nchi ya watumiaji, chenye sehemu ya kuandika tarehe ya ukaguzi. Kifungu kikishachapishwa hubaki kwenye faili hata baada ya bunge kukifuta, na hakuna anayekumbuka kukirudia.

Ingizo la 3. Jinsi ya kusahihisha
Hali: linaendelea, wakufunzi wanaandaliwa.

Tumechukua utaratibu wa hatua 6 unaotokana na kazi ya George Hampel wa Australia. Mkufunzi anataja jambo moja tu atakalolizungumzia. Anasoma neno kwa neno alichosema mshiriki. Anaeleza kwa nini kinamdhuru. Anatoa tiba. Anaonyesha mwenyewe kwa sentensi chache. Mshiriki anarudia palepale.

Ugumu wote uko kwenye hatua ya pili. Mkufunzi asiyeandika maneno halisi husema, "Maswali yako yalikuwa marefu kidogo," na mshiriki anakubali kwa kichwa huku moyoni hakubali. Mkufunzi aliyeandika anasoma: "Ulisema hivi: 'Sasa wewe ulipotoka nje na kuona hao watu, na mwanga ulikuwepo, ulimtambua huyu kwa nini?'" Hapo hakuna ubishi. Swali lina mambo matatu, mojawapo ni zawadi kwa upande wa pili, na linaishia kumwomba shahidi ajieleze. Kwa sababu hiyo mkufunzi anapewa daftari lenye safu mbili: kushoto maneno yaliyosemwa, kulia alama ya tatizo. Safu ya kushoto ikiwa tupu, hana ruhusa ya kusahihisha.

Kosa la pili la wakufunzi, na hili ni la wale wazoefu zaidi, ni kutoa mambo manne kwa mara moja kwa sababu wameyaona manne. Mshiriki anarudi kusimama akiwa ameshika manne na hatengenezi hata moja. Jambo moja, hata kama kuna baya zaidi ambalo halitaguswa leo.

Kila uhojaji unarekodiwa kwa simu iliyowekwa kwenye kishikizo, na mshiriki anakwenda chumba cha pili kuitazama na mkufunzi mwingine. Chumba cha kwanza kinashughulikia maneno. Cha pili kinashughulikia macho yaliyogandana na karatasi, mikono, na kasi ya sauti. Rekodi inafutwa mbele ya mshiriki jioni. Bila ahadi hiyo watu wazito hukataa kusimama, na wana haki.

Anayecheza shahidi naye ana kanuni yake: habuni jambo lolote lililo nje ya maelezo yake. Shahidi anayeongeza "nilimfahamu tangu utotoni" anaharibu zoezi, kwa sababu mshiriki anaadhibiwa kwa kitu ambacho maandalizi yasingekigundua. Akiulizwa kisichokuwemo, jibu lake ni "sikumbuki".

Ingizo la 4. Dodoso
Hali: limefungwa.

Zoezi la msingi linaanza bila shahidi. Mshiriki anachukua aya moja ya maelezo na kuivunja kuwa sentensi fupi, kila moja ikiwa na jambo moja la kweli ambalo shahidi hawezi kulikana. Kutoka aya ya mlalamikaji, hoja ya mwanga inavunjika hivi:

"Ilikuwa saa nane usiku." "Umeme ulikuwa umekatika." "Taa ya nje haikuwaka." "Mwanga uliokuwepo ulikuwa wa tochi ya simu." "Simu hiyo ilishikwa na aliyekuvamia." "Aliielekeza usoni kwako."

Kisha kimya. Swali linalofuata kichwani mwa kila mtu ni "Sasa ulimtambuaje?", na hilo ndilo lisiloulizwa, kwa sababu shahidi atapata mlango wa kueleza sauti, mwendo na kila alichokisahau. Hitimisho linasubiri hoja za mwisho, ambako hakuna shahidi wa kujibu.

Maswali ya ukanushi tumeyapiga marufuku katika zoezi hili. "Hukumwona usoni, siyo?" hujibiwa "ndiyo", na kwenye mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya maandishi ya kesi) ndiyo hiyo inaweza kusomwa pande zote mbili wakati wa rufaa. Badala yake: "Uso wake ulikuwa gizani."

Kumbana shahidi kwa maelezo yake ya awali kuna hatua tatu, na mpangilio wake haubadiliki. Kwanza unampa nafasi ya kurudia alichosema leo, kwa maneno yake. Pili unajenga uzito wa maelezo ya kwanza: yaliandikwa siku ileile, kumbukumbu ikiwa mbichi, alisomewa, akatia sahihi. Tatu unamsomea sentensi yenyewe na kusimama. Sheria za ushahidi zilizotokana na ile ya India ya 1872 zinataka shahidi aonyeshwe sehemu mahususi inayompinga kabla maandishi hayajathibitishwa dhidi yake, kwa hiyo "ulisema tofauti polisi" peke yake haitoshi kisheria wala kimkakati. Wanaoruka hatua ya pili ndio wengi. Bila uzito ule, shahidi anasema polisi waliandika vibaya, na mahakama inamwamini.

Upande mwingine wa dodoso ni wajibu. Kanuni ya Browne dhidi ya Dunn ya 1893 inataka wakili amwekee shahidi toleo la upande wake pale anapokusudia kumpinga baadaye. Mshtakiwa akija kusema alikuwa hospitali usiku ule, na mlalamikaji na mpelelezi hawakuulizwa lolote kuhusu hospitali, utetezi huo utaonekana umetungwa baada ya kusikia ushahidi. Kadi ya maandalizi ina mstari wa lazima mwishoni: "Yapi ya mteja wangu hayajawekwa mbele ya shahidi huyu?"

Ingizo la 5. Utambuzi wa kuona
Hali: limefungwa.

Hukumu mbili za rejea zinasomwa pamoja. Turnbull ya Uingereza, 1976, inamtaka jaji alionye baraza la wananchi linaloamua kesi (jury) kuhusu hatari ya shahidi mkweli aliyekosea na kulitaka lichunguze mazingira ya utambuzi. Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, 1980, inasema ushahidi wa utambuzi wa kuona ni dhaifu na usiotegemewa, na mahakama isiutumie mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Neno la kukaziwa ni *mkweli*. Wakili anayemshambulia mlalamikaji kama mwongo anabeba mzigo ambao sheria haijamtwisha. Shahidi anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado amekosea.

Orodha ya kukagua ina mambo 8: muda wa kumtazama mtu, umbali, mwanga, vizuizi, kama alimfahamu kabla, sababu ya pekee ya kumkumbuka, muda uliopita hadi gwaride, na tofauti kati ya sura aliyoieleza kwanza na mshtakiwa alivyo. Upande wa mashtaka unafanya zoezi hilohilo kabla ya kufungua kesi, kwa sababu pengo likionekana mapema mpelelezi anaweza kurudi eneo na kupima umbali kwa futi ya mkanda. Baada ya dodoso ni kuchelewa.

Kwenye gwaride kuna mambo manne ya kuuliza: waliosimama naye walifanana naye kwa kiasi gani, msimamizi alijua nani ni mtuhumiwa, shahidi aliambiwa kwamba huenda mhusika hayupo, na uhakika wake uliandikwa kwa maneno yake dakika ileile. La mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Uhakika huongezeka baada ya shahidi kuambiwa "umepatia", na miezi mingi baadaye kortini atasema hana shaka hata chembe, akiamini hivyo kwa dhati.

Ingizo la 6. Maelezo ya onyo
Hali: linaendelea.

Zoezi ni moja: mwendesha mashtaka anaomba kuyatoa maelezo ya mshtakiwa kama kielelezo, na utetezi unapinga. Kinachoharibika ni wakati. Pingamizi linaletwa baada ya maelezo kusomwa kwa sauti, na mahakama imeshasikia kila kitu. Lazima liletwe pale kielelezo kinapoombwa kupokelewa, na liseme wazi ni la aina gani. Tuwamoi dhidi ya Uganda, 1967, inatenganisha mshtakiwa anayesema hakutoa maelezo yoyote na yule anayekubali kwamba aliyatoa lakini hakuwa huru. Anayeshika yote mawili kwa pamoja anajibomoa: huwezi kulazimishwa kusema jambo ambalo hukulisema. Wakili amalize hilo na mteja wake kabla ya siku ya kesi.

Katika kesi ndani ya kesi (usikilizaji mdogo wa kuamua kama maelezo yapokelewe), upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuonyesha hiari. Washiriki wa utetezi huanza kwa kumwita mshtakiwa mbio. Tumeandika mwongozo unaowarudisha kwenye rejesta ya mahabusu, saa ya kukamatwa, saa ya kuanza na kumaliza kuandika, idadi ya maneno. Kurasa 5 zilizoandikwa kwa mkono ndani ya dakika 20 ni hoja inayojisemea.

Kwa wapelelezi wanaoalikwa kushiriki, tumeongeza kipindi kuhusu mfumo wa PEACE wa kuhoji watuhumiwa ulioanzishwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Kanuni za Méndez za 2021, kwa sababu mahojiano yasiyo ya shuruti yanampa mwendesha mashtaka kielelezo kinachosimama.

Ingizo la 7. Sayansi kortini
Hali: limefungwa, baada ya kupitiwa na mtaalamu wa vinasaba.

Hapa ndipo mafunzo ya miaka mingi yalipoacha pengo kubwa. Mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilieleza kwamba, ukiacha vinasaba vya kiini cha seli, hakuna njia ya uchunguzi wa kijinai iliyokuwa imethibitishwa kwa ukali kuwa inaweza kila mara, na kwa uhakika mkubwa, kuunganisha ushahidi na mtu mmoja mahususi. Mawakili bado wanapokea ripoti ya maabara kama hukumu.

Zoezi la kwanza ni la sentensi mbili. Ya mtaalamu: "Uwezekano wa mtu asiyehusika kuwa na vinasaba vinavyolingana na hivi ni 1 kati ya milioni 1." Ya mwendesha mashtaka katika hoja za mwisho: "Uwezekano kwamba mshtakiwa hahusiki ni 1 kati ya milioni 1." Zinasikika sawa na hazifanani hata kidogo. Kama watu wazima wanaoweza kuwa wahusika ni milioni 20, tunategemea watu wapatao 20 wasiohusika kuwa na ulinganifu huo. Mshtakiwa ni mmoja wa kundi dogo, na ushahidi mwingine ndio unaopaswa kumtofautisha nao. Zoezi linafanywa kwa kalamu na karatasi, kila mshiriki akipiga hesabu mwenyewe, kwa sababu anayeambiwa tu hurudia kosa wiki ijayo.

La pili ni kesi ya Sally Clark. Mwaka 1999 mahakama ya Uingereza ilielezwa kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya watoto wachanga katika familia ya aina yake ni 1 kati ya milioni 73. Namba hiyo ilipatikana kwa kuzidisha 8,543 kwa 8,543, jambo lililodhani kwamba vifo viwili ndani ya familia moja havina uhusiano wowote, wala wa kurithi wala wa mazingira. Mshiriki anapewa namba hizo na swali moja: ungemuuliza nini mtaalamu? Kisha anaelezwa kwamba hukumu ilipotenguliwa mwaka 2003 sababu kuu ilikuwa matokeo ya vipimo vya bakteria ambayo utetezi haukupewa. Kipindi cha wajibu wa kufichua ushahidi kinaanzia hapo, na waendesha mashtaka wanakisikiliza kwa namna tofauti kuliko kikianza na kifungu.

La tatu: vinasaba vilifikaje pale? Mwaka 2012 huko California vinasaba vya Lukis Anderson vilikutwa kwenye kucha za mtu aliyeuawa wakati yeye alikuwa amelazwa hospitali usiku wa tukio. Wahudumu wa dharura waliomhudumia ndio waliofika baadaye kwa marehemu. Katika faili letu vinasaba viko kwenye mkanda wa begi, na rejesta inaonyesha begi na koti la mshtakiwa vilikaa kabati moja kabla ya kufungwa kwenye mifuko tofauti. Mwenye kusoma rejesta ya vielelezo sambamba na ripoti ya maabara analiona. Mwenye kusoma ripoti peke yake halioni kamwe.

Kuhusu alama za vidole tunatumia tukio la Brandon Mayfield: mwaka 2004 wachunguzi wa FBI (shirika la upelelezi la Marekani) walimhusisha na alama iliyopatikana Madrid baada ya mabomu ya treni, na mtaalamu huru aliyeteuliwa na mahakama alikubaliana nao, mpaka polisi wa Hispania walipomtambua mtu mwingine. Swali la kujifunza nalo: "Aliyehakiki kazi yako alikuwa anajua jibu lako kabla ya kuanza?"

Mshiriki anayejaribu kumshinda mtaalamu ndani ya sayansi yake hupotea. Anapofanikiwa ni pale anapomfikisha kusema, kwa utulivu, kile ambacho matokeo yake hayasemi: hayasemi lini, hayasemi kwa njia gani, hayasemi nani alishika silaha.

Ingizo la 8. Simu na data
Hali: linaendelea; ripoti ya mfano inarekebishwa.

Mnyororo wa utunzaji unafundishwa kwa rejesta yenye pengo. Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007 ya Tanzania, inautaja kama kumbukumbu ya maandishi inayofuata mpangilio wa matukio kuanzia kukamatwa kwa kitu, kutunzwa, kuhamishwa, kuchunguzwa hadi hatima yake. Katika faili, simu imetoka kwa mpelelezi Ijumaa na kupokelewa maabara Jumatatu bila sahihi ya katikati. Kwa kitu kama gari lenye namba pengo hilo ni dogo. Kwa simu iliyowashwa, inayoweza kupokea ujumbe na kufutwa kutoka mbali, ni kubwa.

Kwa hiyo maswali ya kwanza ni ya kimwili: iliwekwa hali ya ndege au kwenye mfuko unaozuia mawimbi? Nakala ilichukuliwa kwa kifaa kisichoruhusu kuandika juu ya data? Heshi ya SHA-256 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe), yenye herufi na tarakimu 64, iliandikwa wakati wa kunakili na kurudiwa kabla ya kesi? Tofauti ya herufi moja inamaanisha data si ileile. Mwongozo wa kimataifa wa ISO/IEC 27037 wa 2012, wa kushughulikia ushahidi wa kidijitali, unatumika kama kipimo cha kulinganisha.

Utambulisho wa simu unazua mgongano wa uongo mara kwa mara. Namba ya IMEI ina tarakimu 15, na simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Risiti ya mlalamikaji inaonyesha moja, ripoti inaonyesha nyingine, na utetezi unashangilia mapema. Mwendesha mashtaka aliyejiandaa anamwomba shahidi apige *#06# mbele ya mahakama na zote mbili zinatokea.

Picha ya skrini ya ujumbe haioneshi jina la kweli la mtumaji, kwa kuwa mwenye simu anaweza kuhifadhi namba kwa jina lolote. Mnara wa mawasiliano nao hauonyeshi nyumba: simu inaweza kushika mnara usio wa karibu kwa sababu ya vilima, majengo au msongamano. Shahidi wa kampuni ya simu anayesema "alikuwa pale" aulizwe eneo la mnara ni kilomita ngapi.

Ingizo la 9. Kupima mafunzo
Hali: kadi zimekamilika, ufuatiliaji unaanza.

Fomu ya kuuliza kama washiriki wamefurahi imebaki kwenye ukurasa mmoja na haitumiki kuamua chochote. Kipimo ni kadi ile ile inayojazwa kwenye zoezi la asubuhi ya kwanza na la jioni ya mwisho: maswali mangapi yalibeba jambo moja, mangapi yalimfungulia shahidi mlango, pingamizi lilikuja kabla au baada, jedwali la saa lilikuwepo au la.

Siku 60 baadaye mshiriki analeta kurasa 5 za mwenendo wa shauri alilolifanya, majina na namba za kesi zikiwa zimefichwa na shauri likiwa limekwisha. Kesi inayoendelea haipokelewi kwa namna yoyote, hata mwenye nayo akisisitiza, kwa kuwa siri ya mteja si yake kuitoa. Kurasa hizo zinapimwa kwa kadi ileile.

Ingizo la 10. Yanayofuata

Faili la pili ni la rufaa: mwenendo wa kurasa 30 ambamo mshiriki anaandika sababu za rufaa zisizozidi 5. Rasimu za majaribio zinaonyesha tabia ya kuandika sababu 14 zinazorudia moja, "hakimu alikosea kisheria na kimantiki", bila kutaja ukurasa. Kadi mpya inakataa sababu yoyote isiyo na namba ya ukurasa.

Kipindi cha kuomba nafuu ya adhabu kimeongezwa kwenye faili la kwanza, dakika 40. Mshiriki lazima alete nyaraka angalau mbili (muda uliokaa mahabusu, fidia iliyolipwa, hali ya kiafya), kwa kuwa "ana familia inayomtegemea" imesemwa mbele ya kila hakimu na haimwambii lolote kuhusu mtu huyu.

Faili la tatu, la shahidi mtoto, limesimama. Maswali yake yanasubiri kupitiwa na mtaalamu wa saikolojia ya watoto na mkalimani wa lugha ya alama, na halitafunguliwa kwa washiriki kabla ya wote wawili kutia sahihi.